Neno Lina Mwenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Siku si nyingi zilizopita tuliitwa na ndugu zetu Waislamu wanaokaa Murera, katika kaunti ya Kiambu, tukawasalishe Ijumaa na kubarizi nao baada ya sala. Kwa msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu asiyezijua pande zile, Murera iko bara, upande wa Ruiru na Thika, mwendo wa karibu kilomita 500 kutoka Mombasa. Zamani nchi ile ilikuwa ya mashamba makubwa. Leo sehemu kubwa imekatwa viwanja na kujengwa vyumba vya kupangisha. Vyuo vikuu viko karibu, na katika vyumba hivyo wamo watoto wetu wa pwani waliokwenda kutafuta elimu.

Mmoja wao alingoja mpaka watu wakatawanyika, kisha akaja akatupa mkono, akasema: "Sheikh, nina suala la rizki." Tukamwambia: "Sema, mwanangu." Akatueleza kuwa karo yake na kodi ya chumba chake huzipata kwa kalamu. Usiku hukaa mbele ya kompyuta akawaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Mwalimu wa huko humpa mwanafunzi wake kazi ya kuandika. Mwanafunzi hailipii jasho bali huilipia fedha. Mtu wa kati huchukua fungu lake. Na kijana wa Murera husoma vitabu, akapima hoja, akaandika. Asubuhi mwanafunzi wa ng'ambo hutia jina lake juu ya karatasi, akaipeleka kwa mwalimu. "Sikuiba kitu cha mtu," akasema. "Maneno ni yangu, nimeyauza kwa ridhaa yangu, na mwenzangu ameyanunua kwa ridhaa yake. Je, fedha hii ni halali?"

Tulimjibu upesi, kama ilivyo ada yetu wengi tunaoulizwa, tukasema: "Haramu." Akainamisha kichwa. Kisha akasema kwa adabu: "Ewallah, Sheikh. Na hotuba ya leo, niwie radhi, ilikuwa yako?"

Ndugu wasomaji, haikuwa yetu. Usiku wa kuamkia safari tulikuwa tumechoka, tukaitoa katika intaneti hotuba ya sheikh mwingine, tukaisoma juu ya mimbari tangu mwanzo hata mwisho, wala hatukumtaja. Waliotusikiliza walitushika mikono na kutusifu, nasi tulizipokea sifa zile. Kijana yule alikuwa amekwisha kuisoma zamani. Tukamwambia: "Si yetu, na ilitupasa tuseme." Kisha tukamwomba muda, kwani tuliona kuwa jawabu tuliyompa, hata ikiwa ni sahihi, imetoka katika kinywa kisichojihesabu. Makala haya ndiyo jawabu yetu kwake, na kwa nafsi zetu kabla yake.

Suala la kwanza: je, neno lina mwenyewe? Wako wasemao kuwa halina. Husema: elimu yote ni ya Mwenyezi Mungu, naye humpa amtakaye. Elimu si kama mbuzi, kwamba akichukuliwa zizi hubaki tupu. Ni kama taa, ukiwasha yako kwa yangu, yangu haipungui mwanga. Kisha wakauliza: kwa nini basi tutaje majina?

Twasema: mwanzo wa maneno yao ni kweli, na mwisho wake umepotoka. Ni kweli kuwa elimu haipungui kwa kugawiwa, na aifichaye ilhali watu waihitaji ameahidiwa adhabu kali. Lakini kugawa elimu ni jambo moja, na kusema uongo juu ya aliyeileta ni jambo jingine. Umma huu ndio uliojenga elimu nzima juu ya suala moja: nani amesema? Wanazuoni wa hadithi hawakulipokea neno mpaka waambiwe limetoka kwa nani, naye kalipata kwa nani, hata lifike kwa Mtume S.A.W. Hawakuuliza hivyo ili wamlipe mtu ujira. Waliuliza kwa sababu neno lisilojulikana msemaji wake halipimiki. Haijulikani latoka kwa mkweli au kwa mwongo, kwa ajuaye au kwa adhaniaye.

Kwa hiyo kumtaja msemaji ni kutekeleza haki tatu kwa mara moja. Ya kwanza ni haki ya msemaji mwenyewe, asinyang'anywe alichokitaabikia. Ya pili ni haki ya msikiaji, apate kujua neno lile alipime kwa mizani gani. Ya tatu ni haki ya mchukuzi juu ya nafsi yake, asivae nguo isiyo yake. Mtume S.A.W., katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amemfananisha mwenye kujionyesha kuwa amepewa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Na katika Sura ya Aali Imran, aya ya 188, wametajwa kwa kuonywa wale wapendao kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Tuliposhikwa mikono Murera, aya hiyo ilikuwa ikitusema sisi.

Wazee wetu waliyajua haya. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi wa wasia, hakuuacha bila jina. Mwishoni alijitaja yeye na baba yake, na Pate alikozaliwa, na mwaka wa 1275 wa Hijra, ambao ni sawa na 1858. Hivyo ndivyo walivyofanya watunzi wengi wa tendi. Hawakuona kuwa ni kiburi. Walikuwa wakitia muhuri, ili ajaye baadaye ajue amombee dua nani, na kosa likionekana ajue la nani.

Tena tazama wanazuoni walivyolishika jambo hili hata katika mahali padogo tunapopadharau. Imamu Jalaluddin Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijra, yaani 1505, aliandika risala mahsusi juu ya tofauti baina ya mtunzi na mwizi. Naye Abdulqadir al-Aydarus amesimulia kisa chake na Imamu Qastallani. Suyuti alilalamika kuwa Qastallani amechukua kutoka katika vitabu vyake bila ya kumtaja. Wakafika mbele ya Sheikh Zakariya al-Ansari. Suyuti akasema: huyu ananukuu kwa Bayhaqi, na Bayhaqi ana vitabu vingi, na atuambie ameyaona katika kitabu kipi. Qastallani hakuweza kukitaja. Suyuti akasema kuwa ilimpasa aseme amemnukuu Suyuti, naye Suyuti ndiye aliyenukuu kwa Bayhaqi.

Zingatieni, ndugu zetu. Qastallani hakudai kuwa maneno ni yake, alimtaja Bayhaqi. Kosa aliloshitakiwa ni kumtaja wa mbali na kumficha wa karibu aliyemfungulia mlango. Wangapi katika sisi leo husema "amesema Imamu Nawawi", ilhali kitabu cha Nawawi hatukukigusa? Tumeyaona maneno yale katika makala ya mtu mwingine aliyekesha akiyatafuta, tukamruka yeye tukajifanya tumekesha.

Na pwani yetu ina mfano wake. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalibaki katika vifua vya watu. Aliyeyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye akampa Mwingereza W. E. Taylor, na baadaye, mwaka 1940, W. Hichens akayatoa katika kitabu. Leo watoto wa skuli humjua Muyaka, na wasomi wa vyuo humtaja Taylor na Hichens. Ni wangapi wanaomtaja Sikujua? Lau si mzee yule, huenda mengi ya mashairi yale yangezikwa pamoja na waliokuwa wakiyahifadhi.

Kisa cha Suyuti kina mwisho, nao ni mzuri. Imesimuliwa kuwa Qastallani alitoka mjini Kairo kwa miguu, miguu mitupu na kichwa wazi, akaenda Rawdha hadi mlangoni kwa Suyuti kumtaka radhi. Suyuti akamjibu kutoka ndani kuwa moyo wake umesafika juu yake, ingawa hakumfungulia mlango. Qastallani ni mtu mkubwa, na sherehe yake ya Sahihi Bukhari yategemewa hata leo. Ukubwa wake haukumzuia kutembea bila viatu.

Hapa atasimama mwenye hoja aseme: mbona Imamu Shafii amepokewa akitamani watu wajifunze elimu yake na isinasibishwe kwake hata herufi moja? Ikiwa imamu wetu hakulitaka jina, kwa nini mwalilia majina?

Jawabu: Shafii alisema hayo kwa kuwa yeye ndiye mwenye mali. Mwenye mali ana ruhusa ya kutoa sadaka kwa siri. Lakini ruhusa ya mtoaji kujificha haimpi mpokeaji ruhusa ya kusema kuwa mali ile ni ya babaake. Aliyetoa aweza kusema, "Msinitaje", aliyechukua hawezi kusema, "Ni yangu." Na kwa hakika wanafunzi wa Shafii hawakuyafanya maneno yake kuwa yao, walimnasibishia, na kwa ajili hiyo mpaka leo sisi twaitwa Mashafii.

Hata sheria za serikali zimeiona tofauti hii. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya mtunzi muda wote wa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Faida ya kazi ile yaweza kuuzwa au kupewa mwingine; ama haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye mtunzi, hiyo haihamishiki maadamu yu hai. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi wa Disemba 1988, liliamua kuwa haki za utungaji na uvumbuzi ni za wenyewe, zimelindwa katika sharia, na haijuzu kuzivamia. Ni kweli kuwa mahakama huyalinda maneno jinsi yalivyopangwa, wala haiilindi fikra tupu. Lakini adabu ya elimu hufika mbali kuliko hakimu: aliyekufumbua macho kwa fikra moja, hata ukiieleza kwa maneno yako, una deni la kumshukuru.

Sasa twarejea kwa kijana wetu. Yeye hakumwibia mtu. Yeye ndiye mwenye maneno, na ameridhia. Je, hafanani na Shafii, kwamba ameliachilia jina lake?

Hafanani. Shafii aliacha jina lake na hapo hapakudanganywa mtu. Katika biashara ya kijana wetu kuna wawili walioridhiana, na wa tatu asiyeulizwa. Wa tatu ni mwalimu anayeisahihisha karatasi, na nyuma ya mwalimu wako watu wote watakaoiamini shahada ile. Mwalimu hakuomba insha ili apate cha kusoma. Insha anazo tele. Aliuliza suala moja tu: wewe, mwanafunzi wangu, umefahamu? Karatasi ile ni ushahidi wa mtu juu ya nafsi yake. Kumwandikia ni kumtolea ushahidi wa uongo kwa ujira.

Imepokewa na Muslim kuwa Mtume S.A.W. alipita penye chungu ya chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Muuzaji akasema kuwa imenyeshewa na mvua. Akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wakauona, kisha akatujulisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Insha ya kununuliwa ni punje kavu iliyowekwa juu ya mbivu. Ikiwa aliyenunua ni mwanafunzi wa uuguzi, iko siku mgonjwa atalala mbele yake akitumaini kuwa anajua kipimo cha dawa. Mgonjwa yule hakuridhia kitu, na fedha haikumfikia.

Na katika vitabu vyetu vya fiqhi sharti mojawapo ya ijara ni kuwa manufaa yanayokodiwa yawe ya halali. Mkono wa kijana ni halali, kalamu ni halali, elimu yake ni tukufu. Kilichokodiwa ni udanganyifu. Kwa hiyo hukumu tuliyompa siku ile twaithibitisha, bali sasa tumeitoa pamoja na sababu yake. Na wenye nchi zile pia wameliona: Australia ilitunga sheria mwaka 2020, na Uingereza mwaka 2022, kuwaadhibu wanaofanya biashara ya kuwaandikia wanafunzi.

Atauliza mwingine: na yule karani aliyekuwa akikaa nje ya posta akiwaandikia barua wasiojua kuandika, naye alikula haramu? La. Mama alimpa maana, yeye akampa mkono. Na aliyepokea barua alitaka khabari za mama, hakutaka kujua kama mama ajua kushika kalamu. Hakudanganywa katika alilolitaka. Vivyo hivyo mnakili aliyenakili msahafu au utendi kwa ujira. Kazi yake ni hati, wala hakudai kuwa ametunga. Kanuni yetu ni hii: mtazame mwenye kuipokea karatasi. Ikiwa jina lililoandikwa juu yake lamdanganya katika jambo lenyewe analolitegemea, basi haijuzu, hata wote waliohusika katika kuiandika wameridhiana.

Imebaki hoja iliyo nzito kuliko zote, nayo ni njaa. Kijana yule ana karo, ana kodi ya nyumba, ana mama pwani anayengoja fedha ya dawa. Wenzake wa dini zote katika mitaa ya barabara ya Thika na Nairobi waifanya kazi hii, na khabari zao zimefika mbali hata ikatolewa filamu mwaka 2024, *The Shadow Scholars*, ambayo ndani yake Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwenye asili ya Kenya, awatafuta waandishi hao wasioonekana. Katika jambo hili kuna dhuluma iliyo wazi: mwenye akili hukaa gizani Kenya, na mwenye fedha huvaa joho la shahada ng'ambo. Na sasa imekuja mashine ya akili bandia, ambayo tangu mwisho wa mwaka 2022 imeanza kuwanyang'anya hata kibarua hicho, nayo imefunzwa kwa maneno ya watu chungu nzima isiowataja majina.

Hatumwambii kijana kuwa njaa yake ni ndogo. Twamwambia kuwa anauza kwa rakhisi kitu kisichofaa kuuzwa. Kila usiku huandika vema, na kila asubuhi huamka hana alichoandika. Atamaliza chuo akiwa ameandika karatasi mia, na akiulizwa aonyeshe moja yenye jina lake, hana.

Lakini neno letu kubwa si kwake. Ni kwetu, watu wa miji ya pwani. Twajua kukusanya fedha. Arusi zetu huendelea siku tatu, na mabaki ya vyakula hutupwa. Kisha mtoto wa mtaa wetu auza kalamu yake usiku katika chumba cha kupanga Murera, nasi twatosheka kumtumia hukumu. Mwenye kusema "haramu" akaenda zake, ilhali aweza kufungua mlango wa halali, amefanya nusu ya kazi, na nusu nyepesi.

Na kazi ya halali ya kalamu iko tele. Katika majumba ya Lamu, Pate, Siu na Mombasa mna karatasi za wazee zinazoliwa na mchwa. Mna mabibi wenye tendi vifuani, na mafundi wa majahazi na waganga wa miti ambao elimu yao haikuandikwa. Vijana wenye kujua kutafiti na kuandika, kama huyu, walipwe wayaandike hayo, na katika kila ukurasa litajwe jina la aliyesema na jina la aliyeandika, wote wawili, wasije wakasahauliwa kama Mwalimu Sikujua. Darasa letu limekubaliana kuanza: tumefungua mfuko wa karo kwa wanafunzi wa pwani walioko bara, na mwenye uwezo na atie alichojaaliwa.

Ama fedha aliyokwisha kuipata kijana yule kabla hajajua hukumu, tumemwandikia yeye mwenyewe, kwani hayo ni mambo ya mtu na haja zake, na mlango wa toba u wazi kwa sote.

Nasi tumeyaanza ya kwetu. Tumempelekea barua mwenye hotuba ile, tukamtaka radhi. Mpaka karatasi hii yapelekwa mtambani bado hajatujibu, na hatumlaumu. Ijumaa iliyofuata tulisimama juu ya mimbari ya msikiti wetu tukasema: hotuba hii sehemu yake ya kwanza tumeipata kwa fulani, na iliyobaki ni yetu, na makosa yakiwamo ni yetu. Watu wengine walishangaa, na mzee mmoja alituambia baada ya sala kuwa tumejishusha. Twamwomba Mwenyezi Mungu atufanye wa kweli katika kauli zetu na katika majina tunayoyatia juu ya kauli hizo.

Wabillahi tawfiq.